Kitufe cha Bibi Harusi

Anaitwa Fundi Karatasi, mjukuu wa mchonga mihuri aliyekataa kazi za haraka, mtoto wa mshona mashati aliyefumua kola mara tatu mpaka ilale, mtoto wa mama aliyetulea kwa kufua mashuka ya hospitali hadi kucha zikamtoka. Ni mdogo wangu wa kunifuata. Amepiga video za harusi tangu ana nywele nyeusi, na mabibi harusi wake wa kwanza leo ni mama wakwe. Naandika habari zake mimi dada yake, maana yeye hatazisema, na wengine watazipamba.

Jina la karatasi alipewa mtaani. Kabla hajapiga chochote alimpa mtu karatasi nyeupe aishike mbele ya uso, kamera ijue kwanza weupe ni upi. Taa za ukumbini zina manjano yake, za ofisini zina ubuluu wake, na kamera isipoonyeshwa jeupe inadanganya siku nzima. Watu walimcheka. "Fundi, niisome au nitie sahihi?"

Lenzi alikuwa nazo mbili. Ile pana, inayomeza ukumbi mzima, hakuisogeza kwenye uso wa mtu hata ungemlilia. "Dada, hii ukiileta karibu, pua inatangulia na masikio yanachelewa." Nyuso alizipiga kwa ile ndefu, na ndefu inataka mtu arudi nyuma. Siku moja alirudi nyuma mpaka akakalia meza ya zawadi.

Basi mtu makini hivyo, nani alimharibu? Mama wa mabibi harusi, na yeye mwenyewe.

"Fundi, mng'arishe mwanangu kidogo."

"Mama, mbona hiyo ndiyo rangi aliyozaliwa nayo?"

"Nimekuita upige video au unisomee cheti cha kuzaliwa?"

Mwanzoni alibishana nao. Baadaye akachoka. Hatua zote za kung'arisha ngozi akazikusanya kwenye kitufe kimoja cha kompyuta, akakiita Bibi Harusi. Alikuwa akikibonyeza tu, na ukumbi mzima unatoka kama uliopitishwa kwenye unga.

Mama alipoanza kusahau majina ya wajukuu, nilimwambia Fundi, "Mpige mama angali anajijua." Chumba cha mama kilikuwa cha kitanda, kabati na cherehani ya marehemu baba, nafasi ikaishia hapo. Fundi akasimama koridoni, lenzi ndefu ikipenya mlangoni.

"Wewe mtoto, mbona unanichungulia kama jirani?"

"Nikiingia nitakuharibu pua, mama."

"Pua hii iliharibika siku niliyokuzaa. Ingia!"

Tulicheka, hata kamera ikatikisika. Karatasi niliishika mimi. Mama akasimulia saa nzima, ndoa yake, mashuka yake, watoto wawili aliowazika kabla hatujazaliwa. Alikuwa mweusi hasa, mweusi wa kung'aa, na chini ya jicho la kushoto alikuwa na baka jeusi zaidi ya uso wote. Baba alikuwa akiliita muhuri.

Wiki hiyo mdogo wangu alikuwa na harusi tatu za kumalizia. Video ya mama akaiweka pamoja nazo, akabonyeza kile kitufe, kisha akafuta zile za mwanzo ambazo hazijaguswa, apate nafasi kwenye diski. Hakuitazama hata mara moja. Kosa lake ndilo hilo, na mimi silipunguzi.

Jumapili tukakaa familia nzima mbele ya televisheni. Akatokea bibi mmoja wa rangi ya chai ya maziwa mengi, mashavu laini kama sahani, chini ya jicho hana kitu. Sauti ilikuwa ya mama.

Mama akamtazama kwa muda. "Huyu mama wa nani?"

"Ni wewe, mama," akajibu Fundi.

Mama akajigusa chini ya jicho. "Umenionea aibu, mwanangu?"

Mdogo wangu alipiga magoti, akaomba ampige upya kesho yake. Mama akamwambia, "Umeshampata unayemtaka. Kaa naye." Tangu siku hiyo, akiiona kamera tu alijifunika kanga usoni. Mwezi wa nne baada ya hapo tukamzika.

Mwaka mzima Fundi alikaa kwenye kompyuta akimtafuta. Alipunguza mwanga, akaongeza weusi, akaniita nikae kando yake nimwelekeze. Nilimwambia kila mara, siye. "Palipoungua kwa mwanga hapana kitu, dada," akasema. "Nikipunguza napata jivu."

Jana alinikalisha kwenye kitanda cha mama. Binti yake, ambaye naye hupiga video, alikuwa mlangoni.

"Shangazi yako amechukua rangi ya bibi yako," Fundi akamwambia.

"Baka sina," nikasema. Nilitaka limchome, na lilimchoma.

Akanipa karatasi nyeupe niishike. Kisha akamwekea binti yake kamera mikononi.

"Mpige wewe, mwanangu. Mkono wangu umeshazoea vibaya. Rudi nyuma mpaka koridoni, na ukifika kwenye kompyuta usiniite. Mwite shangazi yako aketi karibu, umtazame yeye, halafu ndiyo uguse rangi."