Mawese ya Mpofi

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi katika kituo cha afya cha Bihambwe, Titulaire, ndiye muganga mkuu wetu, hakunipa hata kiti. Alinipeleka jikoni, akaniwekea mbele karoti, mchicha wa lengalenga na chupa ya mawese.

"Mama, rangi njo dawa," alisema. "Hii nyekundu inageuka vitamini A mu mwili, inalinda macho. Na rangi zingine zinakinga mwili, sawa vile rangi inakinga bati na kutu. Andika!"

Nikaandika. Nyinyi vijana mna simu. Sisi tulikuwa na daftari na kofi la mkubwa.

Halafu vita ikafunga barabara ya Mushaki, na vidonge vya vitamini vikaisha. Mama mmoja mkimbizi akamleta Furaha, binti yake wa miaka minne. Jua likianza kuzama, mtoto alikuwa anajigonga kwenye milango.

"Tukikimbia tena, mutoto wangu ataona njia na macho gani?" aliniuliza. Masasi ya bunduki yalikuwa yanalia mlimani.

Kwa bahati bidoni moja ya mawese ikafika kutoka Mpofi, kule Walikale, mgongoni mwa mbebaji. Nilimkabidhi Mama Kahindo, mpishi wetu: kila sahani ya Furaha, kijiko kimoja. Wiki mbili zikapita bila nafuu. Jicho la kushoto likaota doa jeupe. Nikamgombeza mama yake, eti anauza chakula cha mtoto. Aibu gani ile!

Ndipo nikaingia jikoni. Mama Kahindo alikuwa anaunguza mawese, moshi umejaa, na mafuta yamebaki meupe kama maji.

"Weye! Unafanya nini?"

"Ninayafanya meupe, dada. Mugonjwa utamupikia mekundu namna gani? Ni kumukosea heshima."

Hata mama yangu mzazi alipika hivyo. Moto ulikuwa umekula rangi yote, na dawa pamoja nayo.

"Nani alimufundisha mupishi?" Titulaire aliniuliza.

"Hakuna, Papa."

"Basi kosa iko ya kwako."

Tangu siku ile niliyamimina mawese mwenyewe, mabichi, juu ya sombe, majani ya muhogo yaliyoiva. Jicho la kulia likapona. La kushoto halikurudi. Nilimwomba mama yake radhi, akaendelea kumlisha mtoto.

Siku ya kustaafu walinisifu mpaka nikachoka, wakanipa kitenge. Furaha alikuja, sasa ana watoto wawili. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Ilibidi ageuze kichwa chote ndipo anione. Akacheka, akanikumbatia.

"Mama, njo weye uliniponyesha."

Nikahamia upande wake wa kulia.