Walihama Wamenona

Wanaowasifu ndege wahamaji hawajawahi kulima mtama. Nimewasikia redioni, sauti laini, wakieleza jinsi Mungu alivyokiumba kila kiungo cha ndege kwa ajili ya safari yake. Sikatai. Ila kwelea kwelea aliumbwa kutunyang'anya chakula, na sijamsamehe hadi leo.

Ni ndege mdogo, anaenea kwenye kiganja cha mtoto. Mdomo wake mwekundu ni mfupi na mnene, kazi yake kupasua punje na kutema ganda kabla hujapepesa jicho. Mabawa yamechongoka na hayajui kuchoka. Hana kwao; anafuata mvua na nyasi zinazozaa mbegu, nchi hadi nchi. Wakishuka shambani, walio nyuma huwaruka wenzao ili watue mbele, na kundi zima huzidi kubingirika hivyo mpaka mwisho wa shamba, nyuma yake yamebaki mabua. Hakuna adabu humo.

Kijijini kwetu Didia, miaka ile ya sabini, tuliamia ndege kwa kupokezana. Kila nyumba ilijenga dungu lake la miti katikati ya shamba, ulingo wa kupanda na kuwaona ndege wanakotua. Ndege wakifukuzwa kwako, jirani anawapokea kwa makelele na kombeo, anamsukumia wa pili, huyo naye wa tatu, hadi wanatupwa mbugani. Nyumba moja ikinyamaza, hapo ndipo wanapotua. Kila mtu alilijua hilo, na mama yangu alilijua kuliko wengi.

Mwaka ninaousema, jirani yetu alipanda mtama mweupe, mbegu aliyoletewa na bwana shamba. Mama alipanda ule wetu wa siku zote, mwekundu, mchungu, wenye suke linaloinama kama shingo ya bata. Ndege akiuonja anautema, na suke lenyewe linamnyima pa kushika. Jirani, kwa kujivunia mbegu yake, akasema mbele ya watu kwamba wa mama ni mtama wa walevi, wa kupikia pombe tu. Mama alikuwa mjane, na hata togwa ikianza kuchacha alikuwa haigusi. Alirudi nyumbani, akalibomoa dungu letu, na miti yake akaipikia.

"Ndege wake, mtama wake," aliniambia.

Masuke yalipokomaa, jirani alipiga makelele na mkewe na binti yao aliyekuwa rika langu mpaka sauti zikawakauka. Wakifukuzwa kule, ndege walikuja kupumzika kwetu, hakuna aliyewagusa, kisha wakarudi kula. Siku moja jirani akaja uani kwetu, kofia mkononi.

"Mayu, nisaidie," alisema, akimwita mama kwa kilugha chetu. "Hata asubuhi tu."

"Wangu mchungu, baba. Wanautema. Hao umewaalika mwenyewe kwa utamu wako."

Aliondoka bila kuaga. Mimi nilicheka, na mama hakunikataza. Mtama mweupe uliliwa wote, na mkewe akawa anaokota punje chini kama kuku. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini mama alijiona hana nywele.

Tulikuwa tukiwanasa ndege kwa ulimbo na kuwala. Mwanzoni mwa msimu walikuwa wakavu, nyama imegandana na mfupa. Sasa nilipomnyonyoa mmoja nikakuta tabaka la manjano chini ya ngozi, kidari kizima, na nilipomweka motoni mafuta yalichuruzika hadi moto ukaruka. Ndege anayekaribia kuhama hali chakula cha leo. Anajaza mwili akiba ya safari, na mwili unaotafuta akiba hauchagui ladha. Hilo nimelielewa baadaye. Siku ile nilimwonyesha mama tu yale mafuta, akasema mwaka huu ndege ni watamu.

Kesho yake waliushukia mtama wetu. Waliposhindwa kushika suke walining'inia kwenye bua, wakalikunja, wakala uchungu wote pamoja na maganda. Mama alikimbia huku na huku akipiga debe. Bila dungu alikuwa amezama ndani ya mtama, haoni kitu, na kila walipoinuka walitua hatua chache mbele yake. Jirani alikuwa juu ya dungu lake, katikati ya mabua matupu, kombeo mapajani. Sijui kwa nini alikuwa bado anapanda kule kila asubuhi.

"Baba, pokea," mama aliita. Aliita tena, sauti imepasuka. "Pokea, baba."

Hakuinuka. "Mchungu huo, mayu," alijibu. "Watautema."

Walipomaliza walihama, kila mmoja na mtama wetu chini ya ngozi yake. Kihenge chetu cha nafaka kilibaki kitupu. Mama akaamua niende kwa dada yake Ushirombo, kwenye mihogo, mpaka tuvune tena. Ndege walihama wamenona. Mimi nilihama mbavu nje. Nilimchukia mama kwa hilo, na nilimchukia jirani zaidi.

Nilipanda lori pale Isaka, juu ya magunia. Binti wa jirani alikuwa ameshaketi humo, naye anapelekwa kwa ndugu zake. Hatukusalimiana. Lori liliposimama Kahama kila mmoja alifungua kifurushi chake. Kwetu hata adui akikukuta unakula, unamkaribisha. Sikumkaribisha, naye hakunikaribisha. Tulikula tukitazamana, ndege walewale wa kuchoma, hadi mafuta yakatufika viwikoni.