Utepe Mweusi Juu ya Taa

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi. Hapa uani Awindiri, mjini Arua, nimemwagia mafuta ya taa sensa ya ABS iliyoshikwa na kutu gurudumuni, kile kihisi kinachosaidia gurudumu lisijifunge ukikanyaga breki kwenye utelezi. Harufu yake imenirudisha utotoni, nyumbani Koboko, na hasira imerudi nayo.

Mjomba alikuwa akibadilisha sensa kama hii ya gari letu, akiimwagia mafuta hayohayo. Ile mpya aliigonga kwa nyundo, ikavunjika. Taa ya ABS ikabaki inawaka, naye akaibandika utepe mweusi. Kesho yake Mama alikuwa atupeleke Arua kwa gari hilo, na barabara ilikuwa tope tupu.

Mama akaubandua utepe. “Umeponya gari, ama umefunga macho yake?”

“Dada, breki iko. Ni taa tu iko na kelele.”

Labda namwonea. Alilala matopeni siku nzima, na breki za kawaida zilishika kweli. Lakini wa kupanda si tulikuwa sisi watoto!

Jioni Mama alimwekea bakuli lililofunikwa vizuri. Mjomba akafunua: tupu.

“Kula, kaka. Si nimefunika?”

Sisi tulikula ugali wa muhogo na angara, samaki wetu mkavu. Yeye, kwa haki niseme, alipewa chake alipoahidi kwenda Arua kwa boda kutafuta sensa nyingine.