Gari Lililopumzishwa

Baridi ilipokaribia, majirani zetu wa Hjulsta, mtaa tuliokaa huko Uswidi, walianza kupumzisha magari yao. Hilo ndilo neno tulilolitumia nyumbani. Sheria ya Uswidi ilitaka kila gari lililoandikishwa kutembea liwe na bima ya kuwafidia watakaogongwa, hata likilala miezi chini ya theluji. Asiyetaka kuilipia aliiarifu serikali kwamba gari lake halitembei, na tangu hapo hakuruhusiwa kuliendesha barabarani mpaka aliandikishe upya.

Baba hakukubali kulipumzisha la kwake. Alikuwa mkimbizi kutoka Uganda, na mama yake, bibi yangu ambaye sikuwahi kumwona, alibaki Masaka. Baba aliamini kwamba siku moja nchi itatulia ghafla, simu italia, nasi tutaingia garini kwenda uwanja wa ndege. Kwa hiyo bima haikukatika, na kila Jumamosi alishuka na brashi, akafagia theluji kwenye vioo, akawasha injini ingurume kidogo.

Jirani yetu Mkenya, aliyekuja kusoma akaoa huku huku, hakuchoka kumtania.

"Mzee, hata dubu wa huku wamelala. Hiyo gari yako unaikesheza ya nini? Na basi la uwanja wa ndege lipo."

"Siku ya kuitwa na mama," Baba alimjibu, "nani atasimama kungoja basi?"

Jirani alicheka, kisha akavaa glavu zake, akafagia upande wa pili.

Mimi nilimpenda bibi kupitia gari lile. Baba alinieleza kuwa kwao msichana hamwamkii mkubwa akiwa amesimama. Basi injini ikinguruma, mimi nyuma nilipiga goti juu ya zulia lenye maji ya theluji, nikafanya mazoezi ya kumwamkia bibi kwa Kiganda, mikono nikiwa nimeiweka pamoja.

Simu ililia kweli, asubuhi moja ya Februari. Bibi alikuwa amefariki, na walikwisha kumzika. Siku chache baadaye nilimsikia Baba akizungumza na watu wa serikali kwa simu, kwa Kiswidi chake cha polepole, akiomba gari lake liandikwe kuwa limepumzishwa. Hawakumwuliza sababu.

Jumamosi alichukua brashi kama kawaida. Nilimfuata chini, nikamkuta ameketi kwenye usukani, injini kimya. Nikamwambia kwa hofu kwamba sasa imekatazwa.

"Wamekataza kuliendesha, mwanangu," alisema. "Kukaa ndani hawakukataza."

Nikafungua mlango wa nyuma, nikapiga goti mahali pangu pa siku zote, nikaamkia. Baba aliniona kwenye kioo kidogo. Akaanza kuniitikia kwa Kiganda, polepole, yale maneno marefu ambayo bibi angeniitikia.