Mdogo Wangu Ananiamkia Kila Asubuhi Akijua Siwezi Kuitikia

Admini, jina langu lifiche, ingawa Newala wakisoma mstari wa tatu watanijua tu. Nina miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la nne, na haya nayaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, leo siku ya nne, kwa hiyo asiniletee mtu habari za nukta. Mkono wa kulia uliondoka na kiharusi mwaka juzi. Uliondoka na ulimi.

Na ulimi wangu haukuwa wa mchezo. Kuanzia Kitangari mpaka Mkunya, posa ikiwa ngumu naitwa mimi. Kuna baba mmoja alishika panga kuwafukuza wachumba wa binti yake. Nilipomaliza kusema, panga lile lile lilichinja kuku wa wageni.

Sasa nina mdogo wangu, tumbo moja, hapa nitamwita Hamisi. Toka utoto ana kigugumizi. Mimi ndiye niliyekuwa namsemea. Akianza "m-m-m" namalizia, au namwigiza watu wanavunjika mbavu. Hata siku anaoa, alipokwama mbele ya shehe, nilimwigiza mpaka shehe mwenyewe akaficha uso. Utani wa ndugu tu, hakuna aliyekufa.

Nilipoanguka mimi, Hamisi akafunguka mdomo. Kama vile maneno yangu yalihamia kwake. Kila asubuhi anapita barazani kwangu saa wanawake wanaporudi na ndoo za maji, anapaza sauti: "Shikamoo, kaka!" Kisha anaweka mkono sikioni. Mimi natoa "mmmh" na mate. "Haya jamani, kaka kanuna," anawaambia. "Nitapita kesho, labda marahaba yake iko njiani." Wanacheka. Kuna siku alisema, "Shikamoo, kisiki!" Mtu niliyembeba mgongoni!

Aliyenihangaikia ni mpwa wangu Zuhura, mtoto wa marehemu dada yetu. Hospitali walisema mtaalamu wa kurudisha maneno huku hayupo, yuko Dar, anafundisha kwa simu ya video. Tukawa tunaenda shambani, kule ukingoni mwa mlima ambako mtandao wa mabondeni unapanda, Zuhura anaegemeza simu kwenye gunia. Kumbe mtaalamu mwenyewe ni binti wa umri wa mjukuu wangu, ananiambia, "Babu, jaza hewa mashavuni. Sema pa-pa-pa." Mimi huyu! Akanionyesha picha za maji, chakula na choo, akauliza nataka tuanze na neno gani. Nikatikisa kichwa, nikanyoosha kidole upande wa nyumba ya Hamisi.

Zuhura akamwambia, "Anataka jina la mdogo wake."

Yule binti machozi yakamlenga. "Jamani, undugu huo!"

Neno la pili nikataka "marahaba". Wiki tatu tulipigana na neno hilo. Nasema "malahaba", yeye anasema, "Bado, babu, ncha ya ulimi juu, rrr." Zuhura akachoka: "Dada, hiyo siyo ya kiharusi, hiyo ya Kimakonde. Mjomba kazaliwa nayo." Yule binti alicheka mpaka simu yake ikaanguka. Kumbe nilishapona neno lile siku nyingi.

Lakini barazani sikulitoa. Hamisi akipita naendelea na "mmmh" yangu, mate namwachia. Nimelificha kama bunduki.

Kwa nini? Zuhura kachumbiwa, wakwe watu wa Nanganga. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Siku ya posa Hamisi alikaa kiti changu, akasema maneno yote yeye, halafu akaninyooshea kidole: "Huyu mzee msimjali, hasikii wala haelewi." Nilisikia, nilielewa, na hesabu naiweka.

Jumamosi hii wanakuja kwa ndoa. Watauliza mbele ya watu wote, "Mjomba wa binti ni nani?" Hamisi atasimama kujibu. Hapo ndipo nitamkatiza.

Na mkato nimeshafundishwa. Nilimuuliza yule binti wa Dar, kwa kuandika na kidole changu hiki kwenye simu, mtu mwenye kigugumizi aliyepona, kinamrudiaje? Akadhani namtafutia mdogo wangu dawa. Akasema, "Babu, usimkatize. Usimmalizie neno. Na usimwigize, hasa mbele za watu." Yeye kanipa makatazo, mimi nimepokea silaha tatu.

Akaongeza jambo ambalo mpaka leo limenikaa kooni: "Ukinyamaza tu ukamsubiri, ulimi wake unafunguka wenyewe." Nikapiga mahesabu. Miaka miwili mimi nimenyamaza. Kumbe kiharusi changu ndicho kilichomtibu! Nimeugua mimi, kapona yeye, na shukrani yake ni kuniita kisiki. Hasira ikanipanda maradufu.

Zuhura alihisi kitu. Jana ananifunga vifungo vya shati akaniambia, "Mjomba, watu wa Nanganga wanakuja kunichukua mimi. Hiyo siku ni yangu." Nikatoa "mmmh". Akaniangalia: "Maneno unayo, mjomba. Usinifanyie kama wengine." Akatoka bila kuaga. Yeye ndiye aliyeibeba ile simu mpaka shambani siku zote.

Ndugu zangu, wale wa kunihubiria msamaha wapite kushoto, sikuuliza hilo. Leo asubuhi Hamisi kapita tena, peke yake, wenye ndoo walikuwa bado hawajafika. "Sh-sh-shikamoo, kaka," kaniambia taratibu. Kigugumizi. Nadhani anaiogopa Jumamosi. Neno langu lilifika mpaka kwenye meno, nikalimeza.

Nishaurini haraka, siku ni tatu tu. Nimkatize akiwa kwenye "m" ya kwanza, au nimwache amalize "mjomba" yote? Maana nikimsubiri amalize, naogopa atamaliza.