Nukta Chini ya Rangi ya Kijani

Yule mchoraji wa kuta aliitwa Ngazi, kwa kuwa alishuka chini kula na kulala tu, na siku nyingine hata chakula alipandishiwa huko huko juu. Aliwahi kuchora mlango kwenye ukuta wa ghala, mtu wa kodi akaja akaubisha kutwa nzima hadi ngozi ya vidole ikamtoka, akaondoka akilalamika kwamba wenyewe wamejificha ndani. Kwenye kiwanda cha mkate alichora moto, na wafanyakazi wakaanza kuvua mashati. Hayo watu wote wanayajua. Wasilolijua ni kwamba mtu mkubwa yule aliogopa mende, na mke wake ndiye aliyekuwa akimuulia.

Mke mwenyewe ni Bibi Pasi. Hadi leo anapiga pasi nguo za watu katika chumba chake cha mbele: pasi ya mkaa, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, bakuli la maji ya kunyunyizia. Huanza na kola, halafu mabega, halafu mikono. Mgongo huja mwisho, kwa sababu, anasema, mgongo hauna umbea. Ngazi amekufa, sifa zake zinazunguka mjini zikila na kunywa, na mjane anapuliza mkaa.

Siku moja aliingia binti mchora katuni, na mkoba mpana kuliko mlango, ikabidi apite ubavu ubavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama ni nguo weka pale. Kama umeleta dini, ninayo ya kutosha."

"Nimekuja kwa ajili ya babu. Nachora maisha yake. Kitabu kizima cha katuni."

"Mume wangu alikuwa kichekesho, mwanangu, lakini kitabu kizima?"

Binti akatandaza kurasa zake upande mmoja wa blanketi. Kisanduku baada ya kisanduku, Ngazi alikuwa mle: Ngazi mdogo anachora kwa mkaa mlangoni kwa watu na kuchapwa, Ngazi kijana na ndoo za rangi, Ngazi analala kwenye ngazi kama popo. Bibi Pasi alicheka hadi akafuta machozi kwa foronya ya mteja.

"Pua umemhurumia. Ongeza."

"Nitaongeza. Bibi, nikuulize kitu. Wataalamu wanasema babu hakuchora watoto kwa sababu huo ndio uliokuwa mtindo wake. Wanazisifu sana zile ndoo anazoweka chini miguuni pa watu. Ni kweli?"

Pasi, aliyokuwa ameanza tena kuipitisha, ikasimama juu ya shati. Moshi ulianza kupanda, binti akapiga kelele, na Bibi Pasi akaiinua akiwa amechelewa. Mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Maisha yake yote hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

"Alimchora mmoja," akasema. "Wetu. Tulimwita Nukta, alivyozaliwa mdogo. Baba yake alimchora kwenye ukuta wa jumba la sinema, amenishika sketi, kimo chake hasa. Rangi haijazoea ukuta, mtoto akashikwa na homa. Hakumaliza wiki." Akaondoa majivu kwenye pasi. "Tangu hapo, kila alipofika mahali pa mtoto, mkono ulikataa. Akachora ndoo."

"Kuna picha yake?"

"Nani alikuwa na kamera? Ngazi wakati huo alikuwa Ngazi wa mtaa tu. Halafu sinema ikauzwa, ukuta wakaupaka rangi ya kijani. Lakini wewe mchore, mimi nitakuambia."

Binti akachukua penseli. Kitabu hakikuweza kumruka Nukta sasa, na Bibi Pasi alikuwa amevuta kiti karibu kama mtu anayemsubiri mgeni.

"Macho?"

"Makubwa. Hapana. Ya kawaida. Siyo hayo, hayo ya mbuzi!"

"Paji la uso?"

"La baba yake... Futa. Huyo simjui."

Walifuta hadi karatasi ikatoboka. Bibi Pasi alikuwa ameutoa uso ule akilini na kuurudisha kila siku, miaka na miaka, hadi ukawa kama kitako cha suruali iliyopigwa pasi kupita kiasi: unang'aa, lakini nyuzi hazionekani tena.

"Nimemsahau mwanangu," alisema polepole, kama anayejaribu sauti ya neno hilo. Kisha akainuka, akachukua pasi, mkaa na kitambaa. "Twende."

Jumba la sinema siku hizi ni duka la magodoro. Mwenye duka alipoiona pasi inatoa moshi alitoa macho.

"Bibi, haya ni magodoro! Unajua godoro linavyoshika moto?"

"Nimekupigia pasi suruali miaka yote. Nimewahi kukuunguzia?"

"Hapana."

"Na niliyoyakuta mifukoni nimewahi kumwambia mama watoto?"

Mwenye duka aliyasogeza magodoro mwenyewe, tena kwa haraka.

Kando ya dirisha la zamani la kukatia tiketi Bibi Pasi alisimama, akajipima, akaweka kiganja usawa wa kiuno chake. Hapo. Akapiga magoti. Alilowesha kitambaa, akakibandika ukutani, akakandamiza pasi juu yake. Rangi ya kijani, ya mafuta, ilivimba ikakunjamana kama utando wa maziwa. Akaingiza kucha, akabandua.

Gamba kubwa kama sahani likatoka. Ukutani ilibaki plasta ya kijivu tu, wazi, kama hapakuwahi kuwa na kitu.

"Geuza, bibi," binti alinong'ona.

Akageuza. Rangi ya Ngazi ilikuwa ya maji, nyepesi, ya watu wasio na kitu; ilikuwa imeng'ang'ania mgongo wa ile ya kijani. Shavu lilikuwepo. Kipembe cha mdomo. Bibi Pasi alivuta pumzi ili aseme, na pumzi ile ile ikatosha. Lilipasuka, likamwagika mapajani mwake kama unga.

Binti hakuona kitu.

Gamba la pili Bibi Pasi alilibandua amefunga mdomo kabisa. Halikuvunjika. Lilikuwa na sikio, dogo, na kwenye ncha yake uzi mweusi. Uzi wenyewe Bibi Pasi ndiye aliyeutia sikioni mwa mtoto kwa sindano, ili tundu lisizibe mpaka hereni zipatikane.

Binti alilichora upesi. "Macho yatakuwa hapa kando, bibi. Kidogo tu."

Bibi Pasi aliweka kiganja juu ya rangi ya kijani, mahali pa macho. Ukuta ulikuwa bado na joto la pasi, joto la paji la mtoto mwenye homa. Alikaa hivyo hadi mkaa ukaanza kufifia.

"Nikiyatoa yatamwagika," akasema. "Acha yakae. Rudisha magodoro."

Kitabu kilipotoka, mteja wa shati lililoungua alimkuta Bibi Pasi amekitandaza mezani, mahali pa nguo. Katika ukurasa ule Ngazi alikuwa amekaa kwenye kipandio cha chini kabisa cha ngazi yake, brashi imekauka. Mbele yake alisimama msichana mdogo, amempa msomaji mgongo, sikio moja linaonekana, na uzi.

"Bibi, nimefuata tena shati langu."

"Njoo kesho," alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa akiulainisha ukurasa kwa kiganja, taratibu, kuanzia kwenye mabega. "Geuka kidogo, mama," aliuambia. "Kidogo tu."