Gari la Jumanne: Kutoka Kashojwa Mpaka Mbarara na Kurudi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nilitoka kwetu Baraka na shati moja, nikalala Kabazana chini ya turubai pamoja na watu ambao lugha yao sikuijua, nikapewa kipande cha ardhi chenye mawe matupu nikatoa mahindi humo. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa primere, lakini leo mashine ya kusaga inayolia hapa Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi, ni yangu, na wenye vyeti wanapanga mstari mbele yake na vikapu vyao. Basi ndugu zangu mliobaki nyumbani, msidhani barabara ya kwenda Mbarara ndiyo ingenishinda.

Sababu ya safari ilikuwa jicho la mke wangu, Mama Neema. Jicho la kuume liliingia ukungu mpaka akawa anamimina mafuta pembeni ya sufuria. Muuguzi wa kambini akatuambia twende hospitali kubwa ya Mbarara. Siku ya macho ni Jumanne, namba zinatolewa asubuhi, zikiisha unarudi nyumbani. Akaongeza: "Musichelewe. Likikaa hivi, jicho litakufa." Jumanne ya kwanza tulifika namba zimeisha. Ya pili vilevile. Na mara zote mbili tulikuwa tumeamka kabla ya jogoo, tukakaa ndani ya gari, na gari nalo likakaa.

Nieleze njia yetu inavyofanya kazi. Gari la Mbarara halina saa, linatoka likijaa. Na hakuna anayetaka kuingia kwanza, maana wa kwanza ndiye atakayengojea kuliko wote. Kwa hiyo wasafiri wanasimama na mizigo yao nyuma ya vibanda, wanachungulia tu. Viti vikikaribia kuisha, wote wanatoka mbio, wanasukumana mlangoni. Watu wanangojea gari lijae, gari linawangojea watu. Dereva akichoka anageuza, anazunguka vijijini kuwatafuta, na wewe uliyekwisha kukaa unazungushwa Kashojwa nzima kama mahindi kwenye ungo.

Jumatatu jioni nilimfuata Apollo, Munyankore, mwenyeji wa huku, mwenye kibasi cha watu kumi na wanne. Nikamwambia kesho gari litoke kwa saa, si kwa watu. Saa kumi na moja alfajiri, awepo mtu au asiwepo.

"Mzee, gari natoka ikijaa," akasema. "Kama hapana jaa, mafuta nani nalipa?"

"Kiti kikibaki kitupu, ni changu. Nitakilipa."

"Viti yote?"

"Vyote. Wewe unazungumza na Papa Neema wa mashine."

Akacheka, akanipa mkono. Jioni hiyohiyo nikasimama kanisani baada ya maombi nikatangaza: kesho gari linatoka kwa saa, mwenye mgonjwa aje. Watu walisema amina. Mimi nikadhani amina ni ahadi ya kuja.

Saa kumi na moja alfajiri, stegi ya Kashojwa, pale magari yanapopakia watu. Ndani ya gari tulikuwa mimi, Mama Neema na Mrundi mmoja muuza maharage ambaye alipitiwa na usingizi papo hapo. Nyuma ya vibanda niliona mizigo, niliona na miguu ya wenye mizigo. Nikawaita waingie.

"Papa Neema, sisi tunangojea ijae kwanza!" mmoja akajibu.

"Haitajaa. Inatoka sasa hivi."

"Ata juzi walisema vile!"

Nikamgeukia Apollo, nikamwambia twende. Akanitazama kama mtu anayeombwa kuchoma nyumba yake, lakini akawasha injini. Tuliondoka na viti kumi na kimoja vitupu. Nyuma yetu wale wa vibandani walitoka wakakimbia, wakapiga makofi, wakaita. Apollo alitaka kusimama. Nikasema hapana. Gari likiwarudia leo, kesho hakuna atakayeamini saa.

Kabazana, mbele ya kituo wanakopokelewa wakimbizi wapya, palikuwa na kikundi cha watu kando ya barabara. Nikafurahi. Apollo akafungua mlango. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akachungulia ndani, akaona viti, akarudi nyuma.

"Hapana. Hii gari iko mutupu, itarudia Kashojwa kutafuta bantu. Tulishazoea."

Nikashuka. "Mama, hairudi popote. Mimi ndiye niliyeipanga. Mimi ni Papa Neema wa mashine."

"Kama uko mutu mukubwa vile, mbona gari yako haina bantu?"

Watu wakacheka. Mwanaume mwenye kuku chini ya kwapa akasema, "Labda anabeba mashine yake!" Wakacheka zaidi, na kuku naye akalia. Nikaanza kuwaeleza mpango wangu toka mwanzo: habari ya saa, habari ya namba za hospitali, namna gari likitoka tupu leo litatoka limejaa mwezi ujao. Nilikuwa naeleza vizuri sana, ndugu zangu, hata waziri asingeeleza vile. Ndipo Mama Neema akaita kutoka ndani, hakupandisha sauti:

"Papa Neema, panda. Jicho yangu haikuja kufundisha bantu."

Nikapanda. Yule mama mwenye mtoto hakupanda.

Baada ya Kabazana vumbi lilipungua na migomba ikaanza, vilima kwa vilima, na ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka barabara bila haraka. Kufika Kaberebere tuliokota watu wawili, wenyeji waliokuwa hawajui habari zetu, na kwa sababu hawakujua, wakapanda tu. Mama Neema alifumba jicho zima akajaribu kutazama milima kwa lile bovu. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Nyeupe tu, kama maziwa ya ng'ombe."

Mbarara, jua limechomoza. Hapa ndipo nilipata wazo langu la pili. Kibasi kutoka kambini lazima kiingie moja kwa moja kwenye kituo kikuu, wanachokiita bustani ya magari, kishushe wote huko, hata wagonjwa. Anayekwenda hospitali anatafuta pikipiki, analipa mara ya pili. Nikamwomba Apollo atupitishe getini kwa hospitali.

"Siwezi, mzee. Bantu ya stegi itanipiga faini."

Hatukuwa na muda wa kubishana. Tulishuka kwenye bustani, nikampandisha Mama Neema pikipiki moja, mimi nyingine, tukaruka mpaka getini. Mstari ulikuwa mrefu, lakini kijana wa dirishani alikuwa bado na vikaratasi mkononi. Akatupa namba. Mke wangu alikibana kile kikaratasi ndani ya kitenge kama mtu anayeficha dhahabu.

Daktari alimulika jicho, akasema bado liko hai, linaweza kupasuliwa. Lakini arudi Jumanne ijayo kupimwa, na ile inayofuata kupasuliwa, halafu Jumanne kadhaa za kuangaliwa kidonda. Na kila mara asubuhi. "Akikosa, tutaanza upya," akasema, "na jicho halina muda wa kuanza upya."

Hapo nikajua kazi yangu haikuwa safari moja.

Mchana nikarudi kwenye bustani kumtafuta mwenyekiti wa stegi, mzee mnene wanayemwita Kakuru, ameketi juu ya kreti ya soda. Nikampa mawazo yangu yote. Kibasi cha Jumanne kitoke kambini kwa saa, na kipite hospitali kabla ya kuja hapa. Akanisikiliza huku akimenya ndizi.

"Wewe mkimbizi nakuja fundisha sisi kazi ya barabara? Nasoma wapi hiyo?"

"Barabarani, mzee. Nimetembea barabara nyingi kwa miguu kuliko gari zako zote."

Akacheka mpaka kreti ikalia. Ndipo tukaanza kuzungumza kama watu. Kushusha wagonjwa getini, akakubali. Kupakia pale getini, hapana kabisa, maana hiyo ni kuiba zamu ya wenzake. Kutoka kwa saa, akakubali Jumanne tu. "Lakini kiti tupu iko na mwenyewe," akasema. "Nani?"

"Mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wazoee."

Kurudi nyumbani tulingoja ndani ya gari jingine bustanini. Mbele yetu wanaume wanne walikuwa wamekaa wametulia, na mifuko magotini. Gari lilionekana karibu kujaa, kwa hiyo watu wakaja. Kila abiria mmoja alipoingia, mmoja wa wale wanne alishuka kimya kimya na mfuko wake, akaenda kukaa gari la nyuma. Kumbe ni watu wa stegi, kazi yao kukaa! Mama Neema akanigusa kiwiko, naye alikuwa ameona kwa jicho lake moja. "Kwetu hawa tunao," akasema. "Mama za koro, wale waimbaji wa kanisa, wanaamka mapema kwa maombi."

Jumanne iliyofuata, Kashojwa, mama wa koro ya kanisa letu walipanda kwenye gari la Apollo na vitenge vyao vya sare. Niliwatangazia watu wote wazi kwamba wanaishia Kabazana. Wenye mizigo nyuma ya vibanda walisikia, lakini macho yao yaliona gari linakaribia kujaa, na macho yakashinda masikio: watano wakakimbilia viti vya nyuma. Kabazana mama zetu walishuka wakiimba, na yule mwenye mtoto mgongoni ndiye alipanda wa kwanza. Mama za koro wakanywa chai pale kwenye kibanda, kwa gharama yangu, wakarudi kwa miguu. Tukafanya hivyo Jumanne baada ya Jumanne. Jicho lilipasuliwa siku yake, likaangaliwa siku zake, hatukukosa hata moja.

Nimejifunza nini? Mtu hasadiki saa kwa sababu tajiri ameitangaza, hata tajiri kama mimi. Anasadiki makalio ya wenzake kwenye viti. Ukitaka kunyoosha njia ya magari, anza na hapo, halafu uvumilie hasara mpaka saa yenyewe ipate jina. Sasa Jumanne gari linajaa kabla ya saa kumi na moja, na koro wamerudi kwenye maombi yao.

Siku bandeji ilipotolewa mara ya mwisho, Mama Neema alinitazama usoni muda mrefu, akasema nimezeeka. Kisha akauliza, "Papa Neema, viti na chai, yote ilikutoka ngapi?" Mimi si mtu wa kuficha kazi yangu. Nikamwambia: shilingi laki tatu, elfu kumi na sita na mia tano.